Upinde Ukigoma Porini: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu na Kujua Wakati wa Kuacha

Huko Wisconsin na Minnesota, majimbo ya kaskazini mwa Marekani, msimu wa kuwinda kwa upinde hufunguliwa katikati ya Septemba, mtu akiwa bado anatokwa jasho kwa kupanda dungu tu. Unaendelea hadi theluji imefunika majani na vidole havina hisia. Upinde ni uleule. Skrubu zilizokazwa kiangazi, ugwe uliozoea joto na kiegemeo ambacho hakijawahi kuona barafu, vyote vinapelekwa kwenye hali ambayo havikujaribiwa. Ndiyo maana hitilafu nyingi hazijitokezi uani nyumbani, zinangoja Novemba, majira ya kupandana, dume akiwa yadi 25 mbele yako.

Mwongozo huu nimewaandikia ndugu zangu tunaozungumza Kiswahili tulioko Marekani, hasa walioanza karibuni kuwinda kulungu wa mkia mweupe kwa upinde wa kamu, ule ambao Holless Wilbur Allen wa Missouri alipewa hataza yake mwaka 1969. Kwa walioko nyumbani: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania kuwinda bila kibali ni kosa la jinai. Kama unapiga shabaha tu, hata hivyo, ufundi ni huohuo.

Nianze na msimamo wangu, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinautegemea. Ukiwa porini, usijiulize tu kama unaweza kutengeneza kilichoharibika. Jiulize kama una hakika mshale unaofuata utapita kwenye mapafu. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi, unaua kwa kukata, na ukienda kando kwa upana wa kiganja, mnyama anaondoka na jeraha ambalo huenda likamtesa kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kila tengenezo la porini lazima lithibitishwe kwa mshale uliopigwa kwenye shabaha kabla halijaelekezwa kwa kiumbe hai. Usipoweza kuthibitisha, siku hiyo imekwisha.

Tuelewane majina

Kipande kigumu cha katikati ni kishikio. Juu na chini yake zimetoka bapa zinazopinda, nitaziita mikono ya upinde. Kwenye ncha zake kuna kamu, magurudumu yasiyo duara kamili, ambayo hukufanya ushikilie pauni 9 hadi 12 tu ukishavuta hadi mwisho ingawa nguvu ya kuuvuta upinde wako ni pauni 60. Ugwe ndio unaosukuma mshale, na kebo ni zile kamba nyingine zinazofunga kamu na mikono pamoja. Katikati ya ugwe kuna kitanzi cha kunasia kifyatulio, yaani kifaa cha mkononi cha kuvutia na kuachia ugwe, na juu yake kidude chenye tundu la kuchungulia, ambacho wengi wetu tunakiita pipu. Kilengeo kina pini zake za kulengea, kiegemeo ndicho kinachobeba mshale, vigumba ni zile ncha zenye makali, na podo unalijua.

Kazi ya nyumbani inayookoa siku porini

Chukua kalamu ya rangi nyeupe isiyofutika kwa maji. Kwenye kila skrubu muhimu chora mstari mmoja mwembamba unaovuka kichwa cha skrubu na kile inachokishika: boliti za mikono, kilengeo, kiegemeo. Kwenye kamu, weka alama pale kebo inapokutana na ukingo wake upinde ukiwa haujavutwa. Kwenye ugwe, weka alama juu na chini ya kitanzi, kisha juu na chini ya pipu. Pima umbali kati ya ekseli ya kamu ya juu na ya chini, pima pia umbali kutoka ugwe hadi sehemu ya ndani kabisa ya kishikio, andika namba hizo kwenye simu na upige picha za kamu zote mbili kutoka ubavuni.

Nalisisitiza hili kuliko jambo lolote lingine humu. Mtu asiye na alama akikosa porini anaanza kubahatisha, anakaza hapa, analegeza pale, na baada ya nusu saa upinde umeharibika kweli. Mwenye alama anatupa jicho sehemu saba au nane na anajua kama kuna kilichosogea.

Ndani ya mfuko weka alenki (funguo za pembe sita) za inchi, kwa kuwa pinde nyingi za Marekani hazikubali za milimita. Weka pia kipande cha kamba ya kitanzi, kiberiti cha gesi, koleo ndogo, uzi wa kusafishia meno usio na ladha, supagluu, nta ya ugwe, noki za akiba (vile vijipande vya mkiani mwa mshale vinavyonasa ugwe), pamba, tepu ya umeme, na kifyatulio cha pili kilichorekebishwa urefu uleule wa kile cha kwanza. Kwenye podo kuwe na mshale mmoja wenye ncha butu, ile yenye miguu ya waya inayonasa kwenye nyasi ili mshale usipotelee chini ya majani. Huo ndio mshale wako wa majaribio. Hakikisha kwanza nyumbani kwamba unapiga mahali pamoja na mishale yako ya vigumba.

Umekosa. Usiguse skrubu bado

Ukikosa mnyama, au mshale wa majaribio ukienda upande, cha kwanza ni kutulia. Shuka kwenye dungu kwanza, ukiteremsha upinde kwa kamba na wewe mwenyewe ukiwa umefungwa mkanda wa usalama, kisha tafuta udongo laini, gogo lililooza au shabaha ndogo uliyoiacha garini. Piga mshale mmoja kwa yadi 10, halafu wa pili na wa tatu kwa yadi 20.

Tazama ilipoingia. Mishale ikikusanyika pamoja lakini mahali pasipo pake, upinde wako ni mzima na kuna kitu kimoja kimesogea: kilengeo, pipu au kitanzi. Mishale ikitawanyika huku na huku, shaka iende kwenye mishale yenyewe, kiegemeo, kamu, au mwili wako. Tofauti hii ndogo inakupunguzia nusu ya kazi.

Halafu kagua kwa utaratibu huu: mshale, kiegemeo, kilengeo, ugwe na vilivyomo juu yake, kamu na mikono, mwisho wewe mwenyewe. Naanza na mshale kwa sababu ndio unaobebwa vichakani, unaogonga mawe na unaotumika tena baada ya kuchomolewa ardhini. Na mpigaji nimemweka mwisho kwa sababu mtu akianza kujilaumu mapema, anaacha kutazama vyuma.

Mshale

Shika mshale wa kaboni kwenye ncha zote mbili, uweke mbali na uso, upinde taratibu, uuzungushe kidogo, upinde tena, mpaka umeuzungusha wote. Sikiliza. Ukitoa sauti ya kukatikakatika, au ukiona ufa mwembamba kama unywele, uvunje vipande viwili hapohapo ili asiutumie mtu kwa bahati mbaya. Mshale wa kaboni wenye ufa unaweza kupasuka wakati wa kufyatuka na vijiti vyake vikaingia kwenye mkono unaoshika upinde. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hunyoosha mishale yao kwa moto na kwa meno, mmoja mmoja. Mti unakubali hilo. Kaboni haikubali, ikishapasuka haina dawa.

Noki ni hatua inayofuata. Inapaswa kushika ugwe kwa sauti ndogo ya "tik", ining'inie bila kuanguka, na iachie ukigonga ugwe kwa kidole. Iliyolegea inaweza kutoka unapovuta, ukaachia ugwe ukidhani mshale upo. Iliyobana mno huvuruga mshale unapoondoka. Badilisha, zinauzwa kwa bei ndogo.

Kigumba kikaguliwe kwa kuzungusha mshale juu ya kiganja ncha ikiwa chini: ukiona kinayumba, kifungue, safisha nyuzi zake za skrubu, kifunge tena. Kikiendelea kuyumba, kile kipande cha chuma kilichogundishwa ndani ya mshale kimekaa vibaya, na mshale huo hauwindi leo. Kwa vigumba vinavyofunguka vikigonga, angalia mpira au kola inayozuia visu. Baridi hukausha mpira, visu vikafunguka njiani, na mshale ukageuka kila upande. Bawa la plastiki la mkiani mwa mshale lililochanika linatosha kuuondoa mshale kwenye orodha ya leo.

Kiegemeo

Hapa pana mengi, kwa sababu siku hizi wengi wetu tunatumia kiegemeo kinachoanguka, kile kinachobeba mshale wakati wa kuvuta na kushuka haraka ukishafyatua ili mabawa yapite bila kugusa kitu. Kinaendeshwa na kamba nyembamba, na matatizo yake karibu yote yanatoka kwenye kamba hiyo au kwenye barafu.

Kwanza ujue chako ni cha aina gani. Kuna kinachofungwa kwenye kebo: springi inakivuta chini, kamba inakiinua unapovuta upinde. Kamba yake ikiteleza au kukatika, kinabaki chini na mshale hauna pa kukaa. Kuna kinachofungwa kwenye mkono wa upinde: springi inakisukuma juu, kamba inakizuia chini upinde ukiwa umelegea. Kamba yake ikikatika, kinabaki juu. Hiki cha pili kinakupa nafasi, maana kinageuka kuwa kiegemeo cha kawaida, na kwa umbali mfupi mshale unaweza kwenda vizuri, ingawa mabawa huenda yakakigusa. Jaribu kwa ncha butu ndipo uamue.

Cha kebo kikikataa kupanda, rudisha kamba mahali pake pa awali, uifunge, kisha vuta upinde taratibu huku mshale umepachikwa na umeelekea shabaha, mwenzako akitazama ubavuni. Kiegemeo kiwe kimepanda kikamilifu katika inchi moja au mbili za mwisho za kuvuta. Kikifika juu mapema mno, kitachelewa kushuka na mabawa yatakigonga.

Dalili za mabawa kugonga ni mkia wa mshale kuruka juu unapoondoka, sauti ya "tak" isiyokuwapo jana, au mikwaruzo kwenye bawa moja kwenye kila mshale. Pakaza poda ya miguu au rangi ya mdomo kwenye mabawa, piga, uone rangi imebaki wapi kwenye kiegemeo na kishikio. Mara nyingi dawa ni kuzungusha noki kidogo ili bawa lipate njia.

Kuhusu barafu: mvua ya jioni ikifuatiwa na usiku wa baridi kali hukigandisha kiegemeo bila wewe kujua. Kabla ya kupachika mshale, kisukume kwa kidole juu na chini, na rudia kila baada ya muda ukiwa dunguni. Usikipulizie pumzi kukiyeyusha, maana unyevu wa pumzi ndio utakaoganda baadaye. Maoni yangu: anayewinda Desemba kwenye theluji atafanya vyema kufunga kiegemeo cha brashi kinachouzunguka mshale, hata kama kinapunguza kasi kidogo. Hakina springi wala kamba. Kazi yako ni kukung'uta theluji kwenye brashi zake tu.

Kilengeo

Angalia alama. Kama kilengeo kimesogea, kirudishe kwenye mstari, kaza, piga. Kama huna alama, kanuni ni kuufuata mshale: mishale ikienda kushoto, sogeza kilengeo kushoto, ikiingia juu, pandisha kilengeo juu. Wengi hufanya kinyume, wakauongeza umbali wa kosa kila wanapopiga. Sogeza kidogo, piga tena.

Uzi wa mwanga wa pini ukikatika, pini bado ipo lakini haing'ai, kwa hiyo dakika za mwisho za jioni si zako tena. Tazama na kapovu ka maji kanakoonyesha usawa. Ukipiga kutoka dunguni kuelekea bondeni, ni rahisi kuinamisha upinde bila kujua, na mshale utaenda upande ule ulioinamia. Hilo hulaumiwa kilengeo ilhali kilengeo hakina kosa.

Ugwe, kitanzi na pipu

Kitanzi kikikatika mara nyingi hukatika umevuta hadi mwisho. Kabla ya kuwaza kitanzi kipya, jiulize: mshale ulikuwa kwenye ugwe na ukaondoka nao? Kama uliondoka, upinde umefanya kazi yake. Kama haukuwapo, au ulianguka pembeni, upinde umefyatuka mtupu, na hilo ni jambo jingine kabisa nitakalolieleza mbele kidogo.

Kufunga kitanzi kipya:

1. Kata kamba yenye urefu wa sentimita 11 hadi 12. Choma ncha moja kwa kiberiti, ibonyeze iwe kichwa kama cha uyoga.
2. Funga fundo la kwanza chini ya alama ya juu, la pili juu ya alama ya chini, mafundo yakielekea pande tofauti za ugwe. Choma na ncha ya pili.
3. Ingiza koleo ndani ya kitanzi, zifungue kwa nguvu ili mafundo yabane. Rudia mpaka hayasogei kabisa.
4. Pachika mshale, uelekeze kwenye shabaha, vuta taratibu ukiwa umegeuza uso kando. Rudi polepole. Kagua mafundo. Ndipo upige.

Kitanzi kipya karibu kila mara hugeuza pipu kidogo. Ukivuta ukaona tundu limeangalia pembeni, sogeza kitanzi kwa kukizungusha kidogo kuuzunguka ugwe, kuelekea upande unaohitaji, uvute tena. Marekebisho ya milimita chache hutosha. Kwa ugwe mpya ambao bado unatulia, pipu kugeuka ni kawaida, na kwa sababu hiyo ugwe haubadilishwi wiki ya kufungua msimu. Ufungwe Julai, upigwe mishale mia na zaidi, urekebishwe, halafu ndipo uaminiwe. Pipu inayovutwa na mpira mwembamba ina hatari yake, mpira huo hukatika kwenye baridi na tundu likageuka linavyotaka. Beba mpira wa akiba. Tundu likizibwa na theluji au tone la mvua, lizibue kwa kijiti cha pamba, si kwa mdomo.

Sasa ugwe wenyewe. Umesokotwa kwa nyuzi nyingi za sintetiki, na pale unapogusana na noki na kamu umezongwa kwa uzi mwingine wa kuulinda. Ukiona manyoyamanyoya, huo ni ukavu, paka nta, isugue kwa vidole hadi ipate joto. Uzi wa kuzongea ukianza kufunguka katikati, ufunge kwa uzi wa kusafishia meno, mafundo madogo ya pande mbili, tone moja la supagluu juu ya fundo, na ubadilishe ukifika dukani. Lakini uzi wa kuzongea ukifunguka karibu na kamu, au ukiona uzi mmoja wa ndani umekatika, mara nyingi kwa kuguswa na kigumba wakati wa kutoa mshale kwenye podo, acha. Usivute hata kwa kujaribu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni macho yako na vidole vyako.

Mambo yasiyotengenezwa porini

Mkono wa upinde wenye ufa. Kamu iliyopinda. Ugwe au kebo iliyoruka nje ya mfereji wake. Uzi wa ndani uliokatika. Upinde uliofyatuka mtupu.

Upinde wa kamu ukiwa umetulia mkononi mwako bado mikono yake imebanwa kwa nguvu kubwa. Ugwe hauondolewi wala kurudishwa bila mashine ya kubania, na kujaribu kuuingiza kwenye mfereji kwa bisibisi ni kutafuta ajali. Uuweke kwenye mkoba wake na kuupeleka duka la pinde.

Kufyatuka mtupu ni kuachia ugwe bila mshale. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale inarudi kwenye mikono, kamu na ugwe. Ndiyo maana watengenezaji wa pinde huweka pia kiwango cha chini cha uzito wa mshale, na kipimo kinachotumika sana ni greni 5 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kwa kila pauni ya kuvuta, yaani kwa upinde wa pauni 60 mshale usiwe chini ya greni 300 pamoja na ncha yake. Ukifyatua mtupu, hata kama hakuna kilichovunjika machoni, chukua pamba uipitishe polepole kwenye kingo zote za mikono, juu na chini. Pamba ikinasa, pana ufa. Tazama kamu dhidi ya picha ulizopiga. Na hata pamba isiponasa, upinde huo usivutwe tena kabla fundi hajaukagua.

Ukaguzi huohuo wa pamba, alama na picha ndio wa kufanya upinde ukianguka kutoka dunguni. Kila kitu kikiwa mahali pake, vuta kwa uangalifu mshale ukiwa umepachikwa, piga ncha butu kwa yadi 10, kisha 20. Upinde ulioanguka na usiopigiwa mshale wa majaribio haufai kumlenga mnyama, hata kama wakati huohuo dume limetokea.

Kelele

Kulungu huusikia upinde kabla mshale haujafika. Sauti husafiri futi 1,100 hivi kwa sekunde, mshale wa kuwindia futi 280 hivi. Kwa yadi 20 anabaki na takriban sekunde 0.16 kati ya kusikia na kupigwa, kwa yadi 40 muda huo unakuwa mara mbili. Hapo huinama ili achupe, na mshale unapita juu ya mgongo. Kwa hiyo mlio mpya si usumbufu mdogo.

Gonga kishikio kwa kifundo cha kidole na usikilize. Mlio wa kutetema ni skrubu: ya podo, ya kilengeo, ya vizibo vya mpira. Shika kimojakimoja huku ukigonga, utakapokishika mlio ukakoma umekipata. Kaza, na ukifika nyumbani weka gundi ya nyuzi za skrubu, ile inayofunguka kwa alenki, si ile ya kudumu. Mlio wa kukwaruza wakati wa kuvuta hutoka pale mikono inapoingia kwenye kishikio au kwenye ekseli za kamu, na mara nyingi ni uchafu na baridi. Kitambaa kikavu, halafu kilainishi kikavu kisicho na harufu. Mshale ukigonga kishikio kwa bahati mbaya hutoa sauti ya chuma inayofika mbali, kwa hiyo bandika kitambaa laini chenye gundi sehemu zote ambazo mshale unaweza kuangukia.

Wewe na nguo zako

Upinde ukikaguliwa wote na hakuna kosa, tazama koti. Koti la Novemba lina mkono mnene, ugwe unaligusa unapofyatuka, mshale unaenda kando, na ukirudi nyumbani ukipiga na fulana kila kitu kiko sawa. Vaa kinga ya mkono juu ya koti. Kola nene na kofia ya kufunika uso hubadilisha mahali unapogusisha mkono kwenye taya, na hapo macho hayakutani tena na pipu vilevile. Fanya mazoezi ukiwa umevaa nguo za baridi kamili, umekaa kwenye kiti, umefunga mkanda.

Kuhusu nguvu: kaa kwenye kiti, inua miguu yote miwili kutoka sakafuni, elekeza upinde mbele na uvute moja kwa moja bila kuuinua angani. Ukishindwa, uzito ni mkubwa kwako. Baada ya saa tatu za kukaa kwenye baridi misuli haitafanya kile ilichofanya uani. Legeza boliti za mikono, ya juu na ya chini kwa mizunguko sawasawa, usipite kiwango kilichoandikwa kwenye kijitabu cha upinde wako. Mzunguko mmoja kwa kawaida hupunguza pauni 2 au 3. Kisha rekebisha kilengeo upya, maana mshale sasa utashuka zaidi. Pauni 50 zinazovutwa kimyakimya zinamwangusha kulungu. Hakikisha tu uko juu ya kiwango cha chini cha jimbo lako, maana kila jimbo lina chake.

Kifyatulio nacho huganda. Kiweke ndani ya mkono wa koti, si nje. Kikipotea na huna cha pili, usivute upinde mfupi wa kamu kwa vidole kama hujawahi kujifunza. Ugwe unabana vidole kwa pembe kali na ni rahisi kuuachia bila kukusudia.

Hitilafu ikitokea mshale ukiwa umeshaondoka

Ikiwa ulihisi kiegemeo kimegoma au kitanzi kimeachia na bado mshale umempata mnyama, usikimbilie kumfuata. Weka alama pale aliposimama na pale ulipomwona mara ya mwisho, kisha usome mshale na damu. Damu nyangavu yenye mapovu ni mapafu. Damu nzito yenye rangi nyekundu iliyoiva ni ini, mwache saa kadhaa. Majimaji ya kijani na harufu ya tumbo ni matumbo, mwache saa 8 hadi 12, kwa maana ukimsukuma atatembea mpaka umpoteze. Mpigie simu mwenzako mwenye uzoefu, au mwenye mbwa wa kufuata damu katika majimbo yanayoruhusu.

Ukirudi nyumbani jioni

Usiutoe upinde kwenye mkoba mara tu unapoingia ndani. Chuma baridi kikikutana na hewa ya joto hutoka jasho, maji yanaingia kwenye ekseli na kiegemeo, na kesho yake alfajiri yameganda. Uache mkobani mpaka uwe na joto la nyumba, ndipo uufungue, uukaushe na kuukagua kwa alama zako. Kiangazi usiuache ndani ya gari juani, joto hulegeza ugwe na linaweza kuachanisha tabaka za mikono.

Andika kwenye simu kila ulichokifunga kwa dharura: uzi wa meno, tepu, supagluu. Vyote vibadilishwe dukani kabla hujapanda dungu tena. Ukichukua upinde wenye ugwe au kebo mpya, anza kupiga yadi 10 kwenye shabaha kubwa kwa sababu pini zote huenda zikawa zimehama, kisha 20, kisha 30, na chora upya zile alama nyeupe, maana za zamani sasa zinakudanganya.